KAMARI: MLANGO UKO NDANI YA SIMU

Bismillahi Rahmani Rahim.



Juma lililopita kijana mmoja alibaki msikitini baada ya Isha. Baba yake alimpa feza za minervali za wadogo zake watatu azipeleke shuleni. Zote ziliisha katika pari ya mpira, ndani ya simu, kwa siku mbili. Akaniuliza: "Shehe, nicheze mara moja tena nizirudishe, kisha niache?" Nikamwambia: hapana, swali hilo ndilo ugonjwa wenyewe.

Tuhesabu. Katika mchezo wenye nafasi sawa ya kupata na kukosa, mwenye pari halipi mara mbili. Tuseme analipa mara 1,8. Ukiweka franka 1.000 mara 10, ukashinda mara 5, umetoa 10.000, umepokea 9.000. Anayecheza sana ndiye anayemlisha.

Wengine wanasema: Serikali iweke sheria kali. Ni haki, iweke. Lakini kodi inatoka humo humo, na mlinzi anayekula mlangoni hafungi mlango upesi. Tena nyumba ya pari inaweza kumzuia mtoto. Simu yake saa sita ya usiku, nani anailinda?

Hoja ya faida si mpya. Zama za Jahiliyya, Waarabu walichezea nyama ya ngamia kwa mishale, na walioshinda waliwapa maskini. Sura Al-Baqara (2:219) haikukana faida, bali ilifundisha kwamba dhambi yake inaizidi. Kisha Al-Maida (5:90-91) ikakataza kabisa, kwa kuwa kamari inaleta uadui na kusahaulisha Mungu na Swala.

Basi tufanye hivi:

1. Tusialikane. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hata anayemwita mwenzake wacheze kamari, atoe sadaka (Bukhari na Muslim).

2. Aliyenaswa amwambie mtu mmoja anayemwamini, amshikie feza zake.

3. Tukimsaidia deni, tumlipe mwenye kudai, tusimpe yeye mkononi.

4. Tusimcheke. Anayechekwa hujificha, na mafichoni ndiko anakocheza.

Kijana yule nilimsindikiza kwa baba yake. Mzee alinyamaza sana. Sasa kijana anafanya kazi dukani kwa mjomba wake, na mama ndiye anayepokea mshahara mpaka minervali itimie.

Ee Mola, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu. Amina.