Makangaga-Miti Mawili ya Katanga: Kuyatambua, na Kujua Lipi Lavumilia Baridi

Wewe mlimaji wa nyanda za juu za Katanga, hapana shaka umekwisha kuona kangaga kubwa lenye shina kama mti, kando ya kijito au penye chemchemi. Mgeni akiliona kwa mbali husema ni mchikichi. Sivyo. Ni ndugu yao makangaga madogo yaotayo kwenye mawe yenye maji. Halina ua, halina tunda, halina mbegu. Katika somo hili tutaliita kangaga-mti.

Watu wengi husema: «Makangaga-miti yote ni mamoja.» Maneno haya yameua miti mingi. Namna ni kadhaa, lakini mbili ndizo watu wazichanganyazo. Moja huvumilia baridi ya mwezi wa sita na wa saba, nyingine haiwezi. Mzee mmoja alitoa manne katika mushitu, ndio msitu wenye maji chini, akayapanda katika bustani yake chini bondeni, mahali peupe pasipo mti. Aliyamwagilia vizuri kila jioni. Mwezi wa nane yote manne yalikuwa yameoza vichwa. Jirani zake wakasema amerogwa. Hakurogwa, alichukua namna isiyofaa mahali pale.

La kwanza wataalamu huliita Alsophila manniana, kwa jina la Gustav Mann, aliyekusanya mimea Afrika ya Magharibi tangu mwaka 1859. La pili huitwa Alsophila dregei, kwa jina la Drège, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika ya Kusini kati ya miaka 1826 na 1834. Ukiona katika kitabu cha zamani jina Cyathea badala ya Alsophila, usihangaike, ni mimea ile ile. Sisi tutasema Manniana na Dregei.

Namna gani kuyatambua? Anza na mkono, wala si jicho. Shika kikonyo cha jani, yaani lile bua lake, chini karibu na shina. Shika polepole! Ikiwa ni Manniana, utaona miiba mifupi, migumu, yenye kuchoma. Kikonyo cha Dregei kina magamba ya rangi ya udongo na vivimbe vidogo kama chunusi, lakini hakikutoboi mkono. Alama hii ndiyo bora kuliko zote, maana hata mti mchanga usio na shina bado unayo.

Baadaye tazama shina. Manniana ni jembamba, lapanda juu likitafuta mwanga, laweza kufika mita 10. Dregei ni fupi na nene. Mara nyingi halipiti mita 5, lakini unene wake waweza kufika sentimeta 40 toka upande hata upande. Mara nyingi shina lake ni jeusi kwa moto wa kiangazi. Usiamue kwa urefu tu, kwani Manniana changa ni fupi vilevile.

Tena uliza: limeota wapi? Manniana hukaa ndani ya mushitu, chini ya miti mikubwa. Dregei hupenda kando ya maji palipo wazi, katika majani ya dambo na ukingoni mwa msitu. Alama hii husaidia, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu watu hukata miti, na Manniana likabaki juani bila kupenda.

Sasa sababu gani moja lavumilia na lingine halivumilii? Shina la kangaga-mti si mbao kama mbao za muvula. Katikati ni laini, na sehemu kubwa ya unene wake ni mizizi mingi myeusi iliyosukana kama kamba. Uhai wote uko juu, katika kichwa, yatokeapo majani machanga yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Kwa kawaida kichwa ni kimoja tu. Kikifa, shina halichipuki tena kama mgomba. Kwa hiyo anayekata kichwa ameua mti wote, hata akiacha shina refu.

Dregei limezoea moto wa majani kupita kila mwaka. Mizizi yake minene hulinda shina, na magamba hulinda kichwa. Kinga hiyo hiyo yasaidia wakati wa jalidi, yaani umande ulioganda ukawa mweupe. Majani yaweza kukauka yote, lakini kichwa kikabaki kizima. Manniana halikuhitaji kinga kama hii, maana miti ya mushitu ni blanketi lake: usiku huzuia joto la ardhi lisipotee juu. Ukilitoa chini ya blanketi, litalala uchi.

Basi pima mahali kabla ya kupima mti. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu hutelemka kama maji na kukaa chini bondeni. Ndiyo maana mtu wa mlimani hulala bila jalidi, na wa dambo huamka akiona majani meupe. Weka sahani yenye maji kidogo mahali unapotaka kupanda, usiku wa mwezi wa saba, mbali na nyumba na mti. Asubuhi kabla ya jua ukikuta ngozi ya barafu, mahali hapo si pa Manniana. Fanya hivi siku nyingi, si mara moja.

Kama jalidi imekwisha kupiga mti wako, usiung'oe kwa sababu majani yamekuwa kama yameungua. Gusa kichwa kwa kidole. Kikiwa kigumu, ngoja mpaka mvua za mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Kikiwa laini, chenye kutoa maji na harufu mbaya, umekufa.

Usichimbe miti mikubwa porini. Mizizi hukatika, na mti wa namna hii hukua polepole sana. Tena kuuza makangaga-miti haya nchi za nje bila kibali kumekatazwa na mapatano ya mataifa yaitwayo CITES. Afadhali upande vumbi la kahawia litokalo chini ya majani. Weka jani lililokomaa katika karatasi kavu, vumbi litaanguka. Mwagia udongo maji yanayochemka ili kuua kuvu, uache upoe, nyunyiza vumbi juu bila kufukia, funika kwa kioo, weka kivulini. Baada ya majuma kadhaa utaona vibamba vya kijani vidogo kama moyo. Usivitupe ukidhani ni ukoga! Hapo ndipo kangaga linapozaliwa, na bila maji juu ya vibamba hivyo halizaliwi.

Katika Uingereza, watu wenye bustani hupanda kangaga-mti la Australia, Dicksonia antarctica, lenye manyoya laini mahali pa magamba. Baridi ikikaribia hujaza majani makavu katika kichwa chake. Nawe waweza kufanya hivyo kwa Dregei changa: jaza nyasi kavu mwezi wa tano mwishoni, funga majani juu yake kwa kamba bila kukaza. Ondoa nyasi mwezi wa tisa, kabla mvua haijazilowesha, zisije zikaozesha kichwa.