Unampenda Farasi, Huna Hata Kamba Yake: Vidokezo 10

Binti wa kaka yangu ana miaka 13, yuko gredi ya 8, anaishi ghorofa ya tatu hapa Nairobi, na anapenda farasi. Sisemi anawapenda kama watu wanavyopenda chapati. Daftari lake la hesabu lina farasi kila pembe ya ukurasa, na simu ya mama yake haina nafasi ya picha nyingine. Kwa kuwa mimi ndiye shangazi mwenye Jumamosi tupu, nimepewa kazi ya kumpeleka mabandani upande wa Karen. Nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kuomba kuyajua. Nayaandika hapa kwa kijana yeyote mwenye maradhi kama yake, na kwa mzazi anayelipia nauli.

1. Anza na ufagio.

Kila anayefika bandani mara ya kwanza anataka kupanda. Hutapanda. Masomo ya kupanda ni ghali, lakini mtu wa kusukuma wilbaro hakuna anayemkataa. Samadi izolewe, maranda yaliyolowa yatolewe, makavu yamwagwe, maji yachotwe. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na jua likiwaka huongeza. Piga hesabu ya ndoo, halafu kumbuka bomba huwa halijengwi karibu na farasi anayekunywa zaidi. Zikipita Jumamosi nne za namna hiyo na bado unaamka saa kumi na moja bila kuitwa, mweleze mama yako kwamba hili si la kupita.

Mtu wa kumganda pale ni saisi, yaani mtunza farasi. Mwenye farasi anajua bei yake. Saisi anajua nani anauma, nani anaogopa mfuko wa nailoni, nani hakumaliza chakula jana. Msalimie kwanza, ujitambulishe, uulize kabla ya kugusa chochote. Na usiende peke yako. Nenda na mtu mzima wa nyumbani, akae mahali unapoweza kumwona.

2. Tazama masikio kabla ya kutazama uzuri.

Yakielekea mbele, kuna kitu kimempendeza au kimemshtua kidogo. Moja mbele, moja nyuma: anakusikiliza wewe na gari la barabarani kwa wakati mmoja. Yakilala nyuma hadi yakagusa shingo, ondoka. Macho yake yako pembeni ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na pale karibu kabisa mbele ya paji la uso. Mwendee kutoka upande wa bega, ukiongea. La kuongea si hoja. Mpwa wangu humsomea farasi ratiba ya shule.

Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke. Farasi hangoji hata umfadhili kwanza. Usipite nyuma yake bila yeye kujua uko hapo, na kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi hata siku moja, kwa sababu akitimka ataondoka na vidole. Tena usivae ndala. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na ndala. Saisi alizitazama, akanitazama, akaniletea gambuti za mtu mwingine, namba 10.

3. Zawadi ya chakula: uliza, kisha uliza tena.

Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi, na msokoto wa tumbo ambao kwako ni usiku mmoja mbaya, kwake unaweza kuwa kifo. Kwa hiyo usimpe mkate uliobaki, na usimpe mahindi yenye ukungu hata kama ni punje chache. Kuna sumu ya kuvu ya mahindi inayoharibu ubongo wa farasi kabisa. Parachichi nalo, ambalo Nairobi tunalitia kwenye kila sahani, ni sumu kwake, majani pamoja na tunda. Ukiona mparachichi karibu na uzio, mwambie mwenye shamba, kwa adabu.

Karoti ni sawa, saisi akikubali. Ikate kwa urefu, si vile vipande vya duara vya kwenye mchuzi, maana kipande cha duara huweza kumkwama kooni. Kiweke juu ya kiganja kilichonyooka. Vidole vikijikunja, yeye hajui kipi ni karoti.

4. Peleka kipimo cha fundi cherehani bandani.

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda, kwa sababu ndicho kilichomfanya binti yetu aache kulia juu ya hesabu. Mabanda mengi hayana mizani ya kumpima farasi mzima. Hutumia utepe. Pima mzingo wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Jibu ni uzito wa farasi kwa kilo, kwa makadirio mazuri.

Yule anayempenda yeye, jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni, ana mzingo wa 180 na urefu wa 160. Jibu: kilo 436. Farasi anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2 ya uzito wake kila siku, na sehemu kubwa iwe nyasi. Hiyo ni karibu kilo 9. Robota la nyasi ya Boma Rhodes likiwa na kilo 15, halimalizi siku mbili. Sasa zidisha kwa mwezi, ukaulize bei ya robota msimu wa kiangazi. Mpwa wangu alifanya hesabu hiyo kwenye matatu tukirudi, akanyamaza kuanzia Karen hadi Adams. Tangu siku hiyo hajaomba anunuliwe farasi.

5. Kama hakuna farasi, kuna punda.

Si wote wanaoishi karibu na Karen. Lakini punda yuko Limuru, yuko Naivasha, yuko Mwea akivuta mkokoteni wa maji, na Lamu ndiye gari lenyewe. Farasi, punda na punda milia ni ukoo mmoja. Mengi ya masikio na mateke niliyokwisha kuyasema yanamhusu pia. Ukiwa Lamu, pita kwenye zahanati ya punda ya Donkey Sanctuary, iliyopo tangu 1987, uone kwato zinavyochongwa. Kama unadhani punda ni wa kudharauliwa, kumbuka Unguja ya zamani, ambako punda weupe wa Maskati walikuwa fahari ya kasri. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake za 1886 jinsi watoto wa Sultani, wavulana kwa wasichana, walivyofundishwa kupanda wangali wadogo.

Punda milia naye ana somo lake. Mwaka 2019 watafiti walichapisha jaribio lililofanyika Uingereza: farasi waliovishwa shuka zenye milia walitembelewa na nzi kama wengine, ila nzi wengi walishindwa kutua. Huku kwetu jambo hilo lina uzito, kwa sababu visubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Punda milia huubeba bila kuonekana mgonjwa, lakini farasi huuawa nao. Ndiyo maana farasi wa Nairobi huchanjwa kila mwaka, na ndiyo maana saisi huwaingiza ndani kabla giza halijaingia, hata kama wewe ulikuwa bado unapiga picha.

6. Nenda Ngong Road Jumapili ya mbio, lakini usisimame kwenye utepe.

Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong uko pale tangu 1954. Watu wote hukimbilia mwisho wa mbio. Wewe kaa pale farasi wanapozungushwa kabla ya kuingia uwanjani. Nani anatokwa jasho hata kabla hajakimbia? Nani anatembea kama anakwenda dukani? Chagua wako kimya kimya, uone kama ulikuwa na jicho. Kamari waachie watu wazima, nao wakisikia ushauri wangu wataiacha.

Ukiwa hapo, waulize wazee kuhusu Beryl Markham. Wengi humkumbuka kwa ndege aliyoirusha peke yake mwaka 1936 kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Kabla ya ndege kulikuwa na farasi. Alikulia Njoro kwenye mazizi ya baba yake, na akiwa na miaka 18 tayari alikuwa na leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Nami huongeza jina ambalo wasimulizi hulipitia haraka: arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, aliyefanya naye kazi ya farasi miaka mingi.

7. Ukimchora, hesabu miguu.

Wachoraji wa zamani walimchora farasi wa mbio amenyoosha miguu yote, miwili mbele na miwili nyuma, kama meza iliyoanguka. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera akampiga picha farasi akipita mbio. Ikaonekana kwamba kweli kuna wakati kwato zote nne ziko hewani, ila ni pale miguu inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo. Simu ya leo yenye video ya mwendo wa polepole itakuonyesha hayo hayo. Mpwa wangu amefuta michoro mingi tangu alipojua.

8. Shule haikimbii, lakini farasi pia hakimbii.

Kazi ya nyumbani imalizwe Ijumaa usiku. Ukitaka kuwa daktari wa mifugo, sayansi na hesabu ndizo njia. Kabete, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada hiyo ni miaka mitano. Ukipenda sare, kuna polisi wapanda farasi Kenya, na Tanzania wana kikosi chao cha mbwa na farasi. Ukipenda michezo, kwenye Olimpiki farasi ndiye anayewakutanisha wanaume na wanawake katika shindano moja, medali moja. Na somo la fizikia likifika kwenye nguvu farasi, mwambie mwalimu kwamba farasi mmoja akijikakamua kwa sekunde chache hutoa zaidi ya nguvu farasi 10. Mwambie taratibu.

Insha, hata hivyo, si lazima zote ziwe za farasi. Mwalimu wake wa Kiswahili alitoa mada ya umuhimu wa maji, akapokea kurasa mbili kuhusu ndoo.

9. Siku ya kupanda ikifika.

Helmeti kwanza, inayobana vizuri, ukitikisa kichwa isicheze. Ikigonga chini kwa kishindo, haitumiki tena, hata kama haina ufa. Utapewa farasi mdogo. Urefu wake hutajwa kwa mikono, na mkono mmoja ni sentimita 10.16; mdogo ni yule asiyezidi 14.2, na hiyo si desimali bali mikono 14 na inchi 2, karibu sentimita 148. Hupimwa begani, si kichwani.

Visigino chini kwenye vikuku, macho mbele, mikono laini kwenye hatamu kwa sababu upande wa pili wa hatamu ni mdomo wa mtu. Utatembea. Wiki nyingi baadaye utakwenda telki, ule mwendo wa kurukaruka unaokuumiza sehemu usizozitaja mbele ya shangazi. Shoti, yaani mbio zenyewe, itakuja yenyewe. Mpwa wangu alitembea mara tatu kuzunguka uwanja, saisi ameshika kamba, akashuka, akamkumbatia yule mwekundu shingoni, kisha akarudi kwenye wilbaro bila kuambiwa.

10. Soksi.

Zivuliwe nje. Harufu ile haishindwi na sabuni moja, na kwenye matatu watu hufungua madirisha. Mama yake amezitengea ndoo yao kwenye kibaraza, na amenunua ya pili, ya shangazi.