Somo la wazee: Kupanda vilima na majabali na kulala kambini baada ya miaka 60

Katika vijiji vya Ekero na viunga vya Mumias, kuka akisema anataka kupanda kilima na kulala kwenye hema na wenzake, jibu la kwanza nyumbani mara nyingi ni kicheko, na la pili ni katazo. Watoto wanahofia ataanguka. Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na idadi kubwa zaidi ya wanaokufa hivyo ni watu waliopita miaka 60.

Hata hivyo, kukaa tu hakumkingi mzee. Watu huanguka bafuni, mlangoni na kwenye ua ulioloa mvua. Misuli isiyotumika hupungua, miguu hukosa uthabiti, na safari fupi ya kwenda choo usiku huwa ya hatari. Kwa hiyo swali ambalo familia na kikundi wanapaswa kujiuliza ni hili: mzee atajiandaa vipi ili atoke na arudi salama? Somo hili linajibu swali hilo hatua kwa hatua.

HAKI YA MZEE KUSHIRIKI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 57, inaitaka Serikali kuhakikisha kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Katiba inamtambua mzee kuwa mtu aliyepita miaka 60. Matembezi, michezo na kambi ni sehemu ya kushiriki huko. Kushiriki pia ni tiba ya upweke, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lililiundia tume maalum mwaka 2023.

WAZEE WALIOTANGULIA

Kupanda majabali si jambo geni Kenya. Chama cha wapanda milima cha nchi hii, Mountain Club of Kenya, kilianzishwa mwaka 1949. Wanachama wake hupanda majabali ya Lukenya katika Kaunti ya Machakos na yale ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Mmoja wa wapandaji wanaokumbukwa ni Ian Howell. Mwaka 1970 alijenga kibanda kidogo cha kujihifadhi juu ya kilele cha Nelion, Mlima Kenya, baada ya kubeba vipande vyake mwenyewe na kupanda jabali hilo peke yake mara 13. Kibanda hicho bado kinajulikana kwa jina lake.

Nje ya Kenya ipo mifano mingine. Mwaka 2017, Marcel Remy wa Uswisi alipanda jabali refu la Miroir de l'Argentine akiwa na miaka 94, akifuatana na wanawe wawili ambao nao ni wapandaji. Mwaka 2019, Anne Lorimor wa Marekani alifika kilele cha Kilimanjaro akiwa na miaka 89. Mwaka 2013, Yuichiro Miura wa Japani alifika kilele cha Everest akiwa na miaka 80, lakini wakati wa kushuka alichoka mno, akachukuliwa na helikopta kutoka moja ya kambi za mlimani.

Mifano hii ina mafunzo matatu. Kwanza, hakuna aliyeanza ghafla. Wote walikuwa wamejizoeza kwa muda mrefu. Pili, Remy hakuwa peke yake. Alifungwa kamba na watu waliomjua vizuri. Tatu, kisa cha Miura kinaonyesha kuwa kilele ni nusu ya safari. Nguvu za kushuka lazima zibakizwe tangu asubuhi.

MAHALI PA KWENDA KUTOKA EKERO

Kikundi cha Ekero hakihitaji kwenda mbali. Kutoka Mumias hadi mji wa Kakamega ni takriban kilomita 30. Msitu wa Kakamega una vilima viwili vinavyofaa wanaoanza.

Kilima cha Buyangu kiko upande wa kaskazini wa msitu, ndani ya hifadhi ya taifa inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Njia yake huanzia kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Upande huo kuna eneo la kupiga kambi.

Kilima cha Lirhanda kiko upande wa kusini, karibu na Isecheno, katika sehemu inayosimamiwa na Huduma ya Misitu Kenya (KFS). Njia yake ni ya miguu, na juu mtu huona msitu wote ulivyotanda. Kilimani hapo kuna shimo la zamani la wachimba dhahabu, ambamo popo wanaishi. Wazee hawashauriwi kuingia humo, kwani sakafu yake inateleza na mwanga ni hafifu.

Jiwe Linalolia la Ilesi, lililo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ni la kutazamwa na si la kupandwa. Jabali hilo lenye urefu wa takriban mita 40, linaloitwa pia Ikhongo Murwi, linaheshimiwa na wenyeji tangu zamani. Wageni huomba ruhusa, husikiliza historia kutoka kwa wazee wa hapo, na hawachori wala kupigilia chochote kwenye mwamba.

Kupanda jabali lenyewe kwa kamba kunahitaji mwalimu aliyefunzwa. Kwa mzee anayeanza, njia salama ni ile ambayo kamba imefungwa juu tayari, mpandaji amevaa mkanda wa kiunoni na kofia ngumu, na mtu wa chini anaikaza kamba kila anapopanda hatua. Kosa la mguu linapotokea, mtu huning'inia na hafiki chini. Uzito hubebwa na miguu na si mikono. Mikono ni ya kushika tu. Kikundi kisicho na mwalimu na vifaa kamili kibaki kwenye njia za miguu za vilimani.

KUPIMWA KABLA YA KUJIANDIKISHA

Kila anayetaka kwenda apimwe shinikizo la damu na sukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii vijijini wamepewa vifaa vya kupima vyote viwili, na kituo cha afya kilicho karibu pia hupima. Anayepatikana na presha ya 180 kwa 110 au zaidi asipande. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye maumivu ya kifua, anayehema akitembea tambarare, au aliyezimia katika miezi ya karibuni amwone daktari kwanza.

Kipo pia kipimo cha kiti kinachotumiwa na wahudumu wa afya. Mzee huketi kwenye kiti kisicho na mikono, huikunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi kwa sekunde 30 huku mwingine akihesabu. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akisimama chini ya mara 14 na mwanamke chini ya mara 12, miguu yake ni dhaifu kuliko wastani wa umri wake. Kwa miaka 70 hadi 74, kiwango ni 12 kwa mwanamume na 10 kwa mwanamke. Aliye chini ya kiwango hafukuzwi kikundini. Huyo ndiye anayehitaji mazoezi zaidi, kisha hupimwa tena.

MAZOEZI YA WIKI NANE

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, waimarishe misuli siku mbili au zaidi, na wafanye mazoezi ya uthabiti wa mwili siku tatu au zaidi. Kikundi kinaweza kuyapanga hivi:

Wiki ya 1 na 2: Kutembea tambarare kwa dakika 20, siku tano kwa wiki. Barabara za mashamba ya miwa zinafaa, asubuhi kabla ya jua kali na kabla ya matrekta kuanza kazi.

Wiki ya 3 na 4: Dakika 30, njia iwe na mteremko. Kusimama na kuketi kwenye kiti mara 10, asubuhi na jioni.

Wiki ya 5 na 6: Dakika 45 na mkoba wa kilo mbili. Kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukishika fremu ya mlango, kwa sekunde 10 kila mguu.

Wiki ya 7 na 8: Kutembea na mkoba na viatu vile vile vya safari. Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya kupanda.

Mazoezi ya kushuka yasisahaulike. Magoti hubeba mzigo mkubwa zaidi mtu anaposhuka. Bakora mbili hupunguza mzigo huo, na hatua ziwe fupi.

MVUA NA RADI

Msitu wa Kakamega hupata mvua karibu mwaka mzima, na mvua kubwa huja Machi hadi Mei. Desemba hadi Februari ndio wakati wenye ukavu kiasi. Hata hivyo, radi na mvua ya mawe huja mara nyingi alasiri. Kwa hiyo safari ya kilimani ianze saa kumi na mbili asubuhi, na kila mtu awe amerudi kambini kabla ya saa saba mchana. Ngurumo ikisikika, kikundi kishuke mara moja, kisisimame kileleni wala chini ya mti ulio peke yake. Kisirudi kupanda hadi dakika 30 zipite bila ngurumo.

USIKU KAMBINI

Hema lipigwe mahali palipoinuka kidogo, mbali na mkondo wa maji na matawi makavu. Njia ya kwenda choo isafishwe mapema na kuwekewa taa, kwani wazee wengi huamka usiku. Kila mmoja alale na tochi na viatu karibu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Chandarua chenye dawa ni lazima, kwa kuwa Magharibi mwa Kenya bado kuna malaria. Moto uwashwe tu mahali palipotengwa, na kuni zisikatwe msituni bila ruhusa.

Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Mzee anaweza kuwa amekaukiwa na maji bila kuhisi kiu. Wote wanywe maji kidogo kidogo njiani, hata wasipotaka. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, amuulize daktari kiasi kinachomfaa. Mwenye kisukari abebe sukari au soda ya kunywa haraka akianza kutetemeka na kutokwa jasho baridi. Viazi vitamu, ndizi na njugu ni chakula kizuri cha njiani. Dawa za kila siku zibebwe za siku mbili za ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi.

AJALI IKITOKEA

Aliyeanguka na kuumia kichwa, shingo au nyonga asiinuliwe haraka. Afunikwe apate joto, mtu mmoja abaki naye, na simu ipigwe 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hospitali hata kama jeraha la kichwa linaonekana dogo.

Msitu una nyoka wenye sumu, wakiwemo moma na swila. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na saa zivuliwe, na apelekwe hospitali. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala lisifungwe kamba ya kukaza.

Kabla ya kuondoka, nakala ya orodha ya waliokwenda, dawa wanazotumia, nambari za jamaa zao na saa ya kurudi iachwe kwa mtu aliyebaki nyumbani, na nyingine kwa askari wa lango la msitu.

NANI ANAAMUA KURUDI?

Ajali nyingi huanza pale mtu anapoona aibu kusema amechoka. Kikundi kikubaliane mapema juu ya kanuni moja: yeyote akisema "turudi", wote wanarudi, na hakuna anayeulizwa kwa nini hadi wafike kambini. Anayetembea polepole zaidi awe mbele, ili mwendo uwe wake. Kilima kitakuwepo mwezi ujao.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu hajapimwa presha na sukari mwaka huu?
2. Mwanachama akishindwa na kipimo cha kiti, kikundi kitamsaidiaje bila kumwaibisha?
3. Kukhu au kuka akikatazwa na watoto wake kuja, ni maelezo gani yatakayoitoa familia hofu?
4. Nani atabaki na orodha ya majina, na atampigia nani simu saa ya kurudi ikipita?