Viungo vyetu na sufuria ya mboga

SWALI: Ninaishi Mkuyuni, Morogoro. Karafuu, mdalasini na pilipili manga tunavuna, ila vyote tunauza. Nikivitia kwenye chakula, wanangu watapata lishe zaidi?

JIBU: Kiungo hutiwa kidogo mno kuwa chakula. Faida yake kubwa ni kumfanya mtoto aombe kuongezewa mboga, na hilo si jambo dogo. Lishe yenyewe imo kwenye mchicha, matembele na kisamvu, tena inategemea upishi. Mwili hutengeneza vitamini A kutokana na majani hayo, lakini bila mafuta huambulia kidogo, kwa hiyo unga mboga kwa karanga zilizosagwa au tui la nazi. Madini ya chuma nayo huhitaji vitamini C: kamulia ndimu wakati wa kula, na chai ya rangi isubiri kama saa moja, kwani huyazuia. Kisamvu kitwange, ukichemshe sana bila mfuniko. Kibichi kina sumu.

Ukipata manjano, changanya na pilipili manga kidogo. Piperini iliyomo kwenye pilipili manga husaidia mwili kufyonza kurkumini ya manjano, ambayo peke yake hupita tu. Nunua mizizi usage mwenyewe, maana unga wa sokoni mara nyingine huchakachuliwa kwa rangi. Mdalasini tia kwenye uji, upunguze sukari. Karafuu mbili zinatosha sufuria ya maharage.

Msimu huu bakiza kopo moja la kila kiungo kabla mnunuzi hajafika.