Pampu Moja kwa Nyumba Nzima? Hapana!



Ukifika Kinampanda mwezi wa Julai, beba sweta. Upepo wa Iramba unavuma, vumbi linapanda, na madarasani ni kikohozi tu. Siku moja, baada ya kipindi chetu cha afya, binti wa kidato cha tatu alinifuata nje. Akafungua kiganja: pampu ya bluu.

"Shikamoo dada. Hii ni ya bibi. Tunaitumia watatu: bibi, mimi na mdogo wangu wa miaka mitatu. Kuna ubaya?"

Upo. Na ubaya wenyewe si kuchangia mdomo wa pampu tu. Watu hawa watatu wana umri tofauti, na huenda hata ugonjwa wao si mmoja.

Kifuani kuna nini?

Mtu mwenye pumu ana matatizo mawili: mirija yake ya hewa imevimba kwa ndani, na misuli inayoizunguka inabana. Kuvimba na kubana. Usiyasahau haya mawili!

Pampu ya bluu, yaani salbutamoli, inalegeza misuli kwa saa 4 hadi 6. Unapumua vizuri, unarudi uwanjani, unadhani umepona. Kumbe uvimbe uko palepale. Ni kama kufagia maji ya mvua chumbani wakati bati limetoboka. Siku moja unavuta ile bluu, haisaidii. Wapo wanaokufa kwa pumu wakiwa na pampu mkononi.

Dawa mbili ndani ya pampu moja

Ndiyo maana kuna pampu ya mchanganyiko. Mojawapo ina budesonaidi, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, pamoja na fomoteroli ya kulegeza misuli. Fomoteroli huanza kazi ndani ya dakika chache na hudumu kama saa 12. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka mchanganyiko huu kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa kimataifa wa GINA wakasema wazi: mwenye pumu wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa bluu peke yake.

Lakini angalia! Si kila mchanganyiko ni wa kuokoa maisha wakati wa shambulio. Wenye salmeteroli huanza kazi polepole mno. Soma jina, usiangalie rangi tu.

Nani atumie nini?

Wewe, miaka 12 na zaidi: mchanganyiko wa budesonaidi na fomoteroli unaweza kuwa pampu yako ya kila siku na ya dharura pia. Ukikosekana, muulize daktari kuhusu steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, pamoja na ile bluu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 11: anaweza kupewa mchanganyiko, ila kwa dozi ndogo anayopanga daktari.

Mdogo wako wa miaka 5 au chini: kwa kawaida hupewa steroidi ya kuvuta peke yake kila siku, na bluu akibanwa. Anahitaji spesa, yaani chombo cha kuvutia dawa, chenye barakoa.

Bibi: kama amepikia kuni miaka mingi au amevuta tumbaku, huenda hana pumu. Huenda ni ugonjwa sugu wa mapafu uitwao COPD, ambao mirija huharibika na hairudi kama zamani. Yeye hupewa zaidi dawa za kulegeza zinazodumu muda mrefu. Steroidi huongezwa hasa kwa anayezidiwa mara kwa mara, kwa sababu inaweza kumletea nimonia.

Huna spesa?

Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kuwa, kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500 ilifanya kazi sawasawa na spesa ya dukani. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa gundi. Vuta kupitia mdomo wa chupa. Baada ya steroidi, sukutua na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Hatari!

Mtu akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, mbavu zikiingia ndani, au dawa isipofikisha saa 4, mkalishe wima, mpe pampu yake ya dharura, na safari ya kituo cha afya au hospitali ya Kiomboi ianze papo hapo. Msisubiri kukuche!

"Lakini dada, wanasema pampu inazoesha." Hapana. Kinachokurudisha kwenye pampu ni uvimbe usiotibiwa. Na usione haya kuvuta dawa mbele ya wenzako.

Yule binti nilimwambia hivi, nawe nakuambia: nendeni wote watatu mkapimwe, kila mtu arudi na dawa yake.

Jadilianeni darasani

1. Kwa nini mtu anaweza kupata nafuu na bado akawa hatarini?
2. Kwa nini bibi na mjukuu wasitumie pampu moja?
3. Shuleni kwenu, mwenzenu akibanwa usiku bwenini, nani ana ufunguo, na nani anajua pampu yake iko wapi?