Mkipanda Pamoja, Mshuke Pamoja



Likizo ya shule ikifika, familia nyingi hutamani kupanda Mlima Kenya wakaione barafu. Ni hamu njema. Lakini mlima huo huipima ndoa pia. Somo letu leo ni hili: kabla ya kuanza safari, mume na mke wakubaliane kwamba yeyote akisema "turudi", wote watarudi bila lawama.

Niwaeleze yaliyotupata. Mimi, mama watoto na binti yetu Njeri, mwenye miaka 16, tulipanda kwa njia ya Naro Moru pamoja na kiongozi. Usiku wa kwanza tulilala Met Station, mita 3,050. Kesho yake tulikanyaga matope na mvua mchana kutwa hadi kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200. Jioni mke wangu hakugusa chakula. Nilipomwuliza, alisema amechoka tu. Kumbe kichwa kilikuwa kikimwanga tangu adhuhuri, ila alinyamaza asije akaniharibia safari niliyoiwekea akiba mwaka mzima. Nami niliiona hali yake, nikajifanya sioni.

Saa tisa usiku tuliondoka na tochi, theluji ikianguka. Tulipokaribia barafu ya Lewis alitapika, kisha akaanza kuyumba kama mlevi. Nikasema, "Jikaze, Mama Njeri, tumebakiza kidogo." Kiongozi akanikatiza: "Mzee, anayeyumba hapandi. Anashuka sasa hivi."

Tukashuka sote. Bondeni, nguvu zilipomrudia, aliniuliza polepole, "Baba Njeri, ulikuwa unangoja nianguke?" Sikuwa na jibu.

Tujifunze nini?

Kwanza, ugonjwa wa mlimani si uvivu. Kule juu hewa ni nyepesi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda. Anayeyumba, anayechanganyikiwa au anayehema hata akiwa amekaa yumo hatarini, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku. Mkipita mita 3,000, msilale zaidi ya mita 500 juu ya mlipolala jana. Sisi tuliruka zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja. Siku moja ya kupumzika njiani ingetufaa sana.

Pili, jihadharini na baridi. Epukeni miezi ya mvua nyingi, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, lakini theluji huweza kuanguka mwezi wowote. Bebeni sweta za sufu, makoti ya mvua, glavu, na nguo kavu za kulalia zilizofungwa vizuri zisilowe.

Tatu, itazameni barafu kutoka pembeni. Theluji mpya huficha nyufa zake. Asiye na kamba wala kiongozi asiikanyage.

Najua wengine watasema, "Lakini barafu inakwisha!" Ni kweli. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na barafu kubwa kadhaa ambazo leo hazipo, na hiyo ya Lewis imepungua mno. Haraka hiyo ndiyo iliyoniziba macho. Mwenzako hawezi kuwa gharama ya kuiona.

Maswali ya mume na mke kuzungumza leo jioni:

1. Ni maumivu gani ninayokuficha ili nisikuharibie furaha?
2. Ukisema "nimechoka", mimi husikia nini?
3. Hapa nyumbani, nani ana ruhusa ya kusema "turudi", na akisema, husikilizwa?

Mwaka uliofuata tulirudi, tukapanda kwa siku moja zaidi. Safari hii mama watoto ndiye aliyetangulia, nasi tukafuata mwendo wake.