Usijaze Nafasi Zote Kumi

Kijana akimaliza kidato cha sita hapa Tanzania, chuo kikuu kinamuuliza tahasusi na ufaulu wake, basi. Hakuna anayetaka kujua kama alidakia timu ya bweni au alifundisha wadogo zake hesabu. Ndiyo maana siku anapoamua kuomba Marekani, kwenye vyuo vinavyochuja sana kama Yale, Amherst au Princeton, anafika ukurasa wa shughuli za nje ya darasa na kuganda. Kinachofuata ni mbio za vyeti: wiki mbili za skauti, semina ya uongozi ya Jumamosi moja, picha akikabidhi sabuni na sukari kwenye kituo cha watoto yatima.

Nimekaa na vijana kadhaa mbele ya fomu hiyo, na jambo la kwanza ninalowaambia ni waisome kabla hawajachagua cha kufanya. Common App, fomu inayopokelewa na vyuo vingi vya huko, ina nafasi kumi za shughuli. Kila moja unaieleza kwa herufi zisizozidi 150, ukihesabu hadi nafasi kati ya maneno. Ni fupi kuliko meseji moja ya simu. Kisha unaulizwa: saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, na ulikuwa darasa gani. Semina ya siku moja inafia hapo. MIT wana fomu yao wenyewe na wanataka shughuli nne tu, kwa hiyo anayehangaika kutafuta ya tisa na ya kumi anajichosha bure.

Sasa chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila siku ulikuwa wapi na ulifanya nini kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku. Usipambe. Wengi hudhani hawana shughuli, kumbe wanazo ila hawajawahi kuziita hivyo.

Binti mmoja aliniletea orodha ya klabu sita, zote za kidato kimoja, zote cheo chake ni "mwanachama". Nikamuuliza jioni huwa yuko wapi. Akaona haya kidogo. "Gengeni kwa mama." Tangu lini? Tangu kidato cha pili. Unafanya nini huko? Nauza, na naandika madeni. Nikamwomba aje na hilo daftari. Kesho yake akaja na kaunta buku iliyochakaa, jalada limeshonwa kwa uzi, na ndani amegawa wadaiwa kwa siku wanazopata hela: bodaboda kila jioni, akina mama wa vikoba Alhamisi, walinzi mwisho wa mwezi. Mwanzoni mama yake alikuwa akidai watu wote Jumapili, siku ambayo mlinzi hana hata nauli. Mfumo ule aliubuni yeye mwenyewe, hakuna aliyemwagiza.

"Anti, hiyo nayo ni shughuli?"

Ni shughuli. Kwenye fomu yenyewe, majukumu ya familia na kazi ya ujira vimo kwenye orodha ya aina za shughuli, sawa na michezo na kwaya. Na mwaka 2016 mradi wa Making Caring Common wa Harvard ulitoa ripoti, ikaungwa mkono na maofisa wengi wa udahili, ikisema kazi za nyumbani na kutunza ndugu zipewe uzito, na kwamba shughuli chache za kina zinafaa kuliko rundo. Tukafuta klabu nne. Mstari wa kwanza, kabla ya kuugeuza Kiingereza, ukawa: "Nimetunza daftari la madeni la genge miaka 3, nimegawa wadaiwa kwa siku za mshahara, wanaodaiwa zaidi ya mwezi wamepungua kutoka 31 hadi 9." Herufi 139. Angeandika "nimejifunza uongozi na ujasiriamali", msomaji asingeona kitu.

Hicho ndicho kipimo changu cha kuchagua. Kabla hujaingia kwenye jambo, jiulize kama baada ya miaka miwili kutakuwa na kitu cha kuonyesha: daftari, timu, bustani, wanafunzi waliofaulu. Na jiulize kama ungelifanya hata kama chuo kisingeuliza. William Kamkwamba wa Malawi alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada alipounda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na feni ya trekta, akisaidiwa na kitabu cha maktaba, ili nyumbani kwao kuwe na umeme. Fomu za chuo zilikuja baadaye sana. Alihitimu chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2014. Sisemi kila mtu aunde kinu.

Mambo mawili ningeyakwepa. La kwanza ni kuanzisha "taasisi" ukiwa kidato cha tano: nembo, fulana, ukurasa wa Instagram, halafu kimya. Kama kuna kikundi cha mtaani kinachosafisha mtaro, jiunge nacho ushike koleo. La pili ni kozi za likizo za dola elfu kadhaa zinazofanyika ndani ya vyuo vikubwa. Mzazi, kulipia kozi hiyo hakumpi mwanao nafasi ya kudahiliwa pale.

Walioko bweni hulalamika kwamba ratiba imebana, na ni kweli. Lakini mdahalo upo, michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ipo, maktaba isiyo na mpangilio ipo. Zaidi ya hapo kuna miezi ile mirefu kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kuanza kidato cha tano Julai, na ile ya baada ya kidato cha sita. Ukiwa na jambo lako, hiyo ndiyo miezi ya kulikuza. Fomu nyingi hufungwa tarehe 1 Novemba kwa wanaowahi, na siku za mwanzo za Januari kwa wengine.

Anayelenga Oxford au Cambridge asome ukurasa mwingine kabisa: huko wanataka kuona umelisoma somo lako kuvuka silabasi, na unahodha wa mpira hauwashughulishi sana.

Mweleze mapema mwalimu mlezi wa klabu unachofanya, maana barua ya mapendekezo ya mwalimu huweza kuthibitisha ulichoandika au kukuumbua. Na saa zako, zijumlishe kabla hujatuma. Kama uko bweni na jumla yako ni saa 70 kwa wiki, rudi ukahesabu upya.